Asilimia 75 ya Mahudhurio: Hesabu ya Mwanafunzi wa Manzese

Miongoni mwa karatasi anazokabidhiwa mwanafunzi mpya wa chuo, kuna moja ambayo wengi huisoma mara moja tu, nayo ni ile ya sharti la mahudhurio. Katika vyuo vingi sharti hilo husema kwamba asiyehudhuria walau asilimia 75 ya vipindi vya kozi hataruhusiwa kufanya mtihani wa kozi hiyo. Mwanafunzi hutoa 75 katika 100, akafurahi kwamba amepewa robo nzima ya kupumzika. Hesabu hiyo si ya uongo, lakini ina hatari ndani yake, na hatari hiyo yaweza kupimwa.

Tuchukue muhula wa wiki 15. Kozi yenye mihadhara miwili kwa wiki ina vipindi 30. Asilimia 75 yake ni 22.5, na kwa kuwa daftari la mahudhurio halina nusu ya kipindi, mwanafunzi lazima ahudhurie 23; anaweza kukosa 7. Maabara inayofanyika mara moja kwa wiki ina vipindi 15 tu. Asilimia 75 yake ni 11.25, yaani lazima ahudhurie 12, na anaweza kukosa 3. Aghalabu kila kozi huhesabiwa peke yake, kwa hiyo siku zilizobaki katika mihadhara haziazimwi kwa ajili ya maabara.

Sasa tumweke mwanafunzi huyu Manzese, na chuo chake katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kila asubuhi hufuata Barabara ya Morogoro, hupita Magomeni, kisha huvuka bonde la mto Msimbazi pale Jangwani. Mabasi ya mwendo wa haraka yaliyoanza mwaka 2016 yameipunguza safari hiyo, lakini nayo yanalivuka bonde lile lile, na mvua kubwa ikinyesha maji huweza kuifunga barabara. Mafuriko ya Desemba 2011 yanakumbukwa hata leo. (Jirani yake anayesoma Mlimani hupitia Ubungo wala havuki Jangwani, sharti ni moja, lakini njia si moja.)

Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba uwezekano wa kukosa maabara kwa sababu asiyoweza kuizuia, iwe mvua, homa au msiba, ni 1 katika 10. Ikiwa hakutumia hata siku moja ya akiba yake kwa hiari, uwezekano wa kukosa zaidi ya mara 3 katika vipindi 15 ni kama asilimia 6. Akilala nyumbani siku ya kwanza, vinabaki vipindi 14 na akiba ya siku 2, na hatari inapanda hadi asilimia 16. Akikosa mbili za mwanzo kwa hiari, ni asilimia 38. Akikosa tatu, anahitaji kuhudhuria vipindi vyote 12 vilivyobaki: zidisha 0.9 kwa yenyewe hadi zitimie 0.9 kumi na mbili, utapata 0.28. Hatari ni asilimia 72. Siku ya tatu ni siku moja kama ya kwanza, lakini bei yake si moja.

Mimi mwenyewe nimewahi kutia sahihi fomu ya kumzuia mwanafunzi asifanye mtihani. Alikosa maabara 4. Ya nne ilikuwa siku ya maji, na sikuwa na shaka yoyote juu ya maneno yake. Tatu za kwanza zilikuwa siku za jua kali. Alirudia kozi ile mwaka uliofuata, na karo yake ililipwa na mama yake.

Lipo pia suala la kuchelewa, kwani mahali pengi daftari hupitishwa mwanzoni mwa kipindi. Mwanafunzi husema, "Safari yangu ni dakika 50." Hizo ni wastani. Anayejipangia muda ulio sawa na wastani atachelewa takriban nusu ya siku zake. Afadhali apime safari yake kwa siku 10, kisha aondoke kwa kufuata ile iliyokuwa ndefu kuliko zote. Na ruhusa ya ugonjwa au msiba iombwe kwa maandishi mapema, si wiki ya mitihani.

Nakiri kwamba hesabu yangu imechukulia kila siku kuwa haitegemei nyingine. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hazina tabia hiyo. Zikifunga barabara leo, huenda zikaifunga na kesho. Kwa maabara ya mara moja kwa wiki, siku tatu mfululizo za mafuriko huondoa kipindi kimoja tu. Kwa kozi yenye vipindi Jumatatu, Jumanne na Jumatano, huweza kuondoa vitatu kwa pigo moja.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: kozi ina vipindi 3 kwa wiki kwa wiki 15, na chuo kinataka asilimia 80. Mwanafunzi anaweza kukosa vipindi vingapi, na barabara ikifungwa wiki mbili nzima atabakiwa na vingapi?