Mtoto akitapika dawa ya malaria

Mtoto amepimwa, amekutwa na malaria, umempa dawa ya mseto, mara ameitapika. Wazazi wengi huogopa kurudia wakidhani dawa itazidi. Mtoto hulala bila dawa mwilini, na malaria humzidi usiku huo huo.

Tazama saa. Akitapika kabla ya dakika 60 kupita, mpumzishe kidogo, kisha mpe tena dozi ile ile kamili. Zikishapita, usirudie, subiri dozi inayofuata. Dozi ya pili ni baada ya masaa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2. Jumla dozi 6. Ukirudia, mwishoni dozi moja itapungua, hivyo rudi kituoni upewe nyingine.

Kabla ya dawa mnyonyeshe, au mpe maziwa. Mafuta yake huisaidia dawa kuingia mwilini. Mkalishe, na usimbane pua.

Akiitapika tena, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya, akipata degedege au akilegea, usingoje alfajiri. Mpeleke hospitali, akatibiwe kwa sindano. Tutafute tiba kwanza, kisha tutawakali kwa Allah.

Wabillahi tawfiq.