Mjue Mdudu Kabla Hujamfukuza



Mvua zikianza, wakulima wengi wa mashamba ya makazi huja ofisini kuuliza dawa ya siafu. Wakiulizwa ni siafu gani, mmoja husema ni wale walioingia katika sukari, wa pili husema ni wale waliokula vifaranga, na wa tatu husema ni wale wanaotafuna nguzo ya nyumba. Hao ni wadudu wa namna tatu. Mwenye kutumia dawa moja kwa wote hupoteza fedha bure, tena huenda akaweka sumu mahali watoto wanapolala. Basi tujifunze kuwatambua.

1. SISIMIZI

Hawa ni wadogo, nao hupenda vitu vitamu na mafuta. Mmoja akipata chakula, hurudi kwao akiacha harufu njiani, na wenzake huifuata. Ndiyo sababu huwaona katika mstari. Kuwaponda unaowaona hakutoshi, kwa kuwa malkia yuko shimoni akitaga mayai. Fanya hivi:

(a) Ondoa kinachowaita. Funika sukari, na osha sufuria kabla ya kulala.
(b) Fuata mstari mpaka uone tundu wanamotokea.
(c) Futa njia yao yote kwa maji ya sabuni ili harufu ipotee, kisha ziba tundu kwa udongo au saruji.
(d) Sogeza meza ya chakula mbali na ukuta, na simamisha miguu yake katika vikopo vya maji yaliyotiwa sabuni kidogo. Sabuni huwafanya wazame.

2. SIAFU

Siafu hawana makao ya daima. Husafiri kwa jeshi kubwa wakitafuta nyama: mende, panzi, buibui, hata vifaranga. Mtu mzima huweza kuwakimbia. Hatari ni kwa asiyeweza kukimbia, yaani mtoto mchanga, mgonjwa kitandani, kuku anayelalia mayai, sungura kizimbani na ndama aliyefungwa kamba. Hao ndio wa kuokolewa kwanza, kabla ya vyombo.

Kwa hiyo, wakati wa mvua, zunguka nyumba na banda kila jioni ukiwa na taa. Mfunge ndama kwa fundo linalofunguka upesi. Ukiwaona siafu wakija, mwaga majivu ya moto mbele yao ili wageuke. Usiwashe nyasi karibu na nyumba wala usimwage mafuta ya taa penye moto, maana siafu huondoka, lakini nyumba iliyoungua hairudi. Wakiisha kuingia, mara nyingi ni heri kuwaachia nyumba kwa saa chache. Watakula mende wako na kwenda zao. Kung'uta matandiko yote kabla ya kumlaza mtoto tena.

3. MCHWA

Ingawa wengi huwaita siafu weupe, mchwa si jamaa ya siafu. Jamaa yao wa karibu ni mende. Tazama kiuno: cha siafu ni chembamba kama kimefungwa uzi, cha mchwa ni kinene. Mchwa hupenda giza na unyevu, kwa hiyo hujenga vijia vya udongo juu ya ukuta na nguzo.

Kagua nyumba na ghala kila mwezi. Ukiona kijia, kivunje, kisha rudi baada ya siku mbili. Kikiwa kimejengwa tena, mchwa wangali wamo. Ondoa kuni na mabua yaliyoegemea ukuta. Chimba mfereji ili maji ya mvua yasisimame kando ya msingi. Ukijenga ghala, weka nguzo juu ya mawe au saruji, isiguse udongo. Kama kuna kichuguu karibu, kichimbe mpaka umpate malkia, ambaye ni mnene kama kidole.

HABARI YA SUMU

Katika miaka ya 1950 na 1960 wakulima walishauriwa kutumia aldrin na dieldrin kwa mchwa. Baadaye ilijulikana kwamba sumu hizo hukaa udongoni miaka mingi na kuingia hata katika maziwa ya mama. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka kati ya zile za kukomeshwa. Ukikuta kopo la zamani ghalani, usilifungue. Mwarifu afisa wa kilimo.

Usinyunyizie nyumba dawa ya mimea wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Usitie dawa yoyote katika chupa ya soda, kwa maana mtoto huijua chupa, haijui sumu. Mtoto akinywa sumu, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue lile kopo ili daktari alione.

MASWALI YA KUJIULIZA JIONI HII

1. Je, nguzo za ghala langu zinagusa udongo?
2. Siafu wakija usiku wa leo, nani atambeba mtoto, na nani atamfungulia ndama?
3. Dawa zangu za shamba ziko wapi, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kuzifikia?

Ukiweza kuyajibu yote bila wasiwasi, umelielewa somo. Ukishindwa hata moja, anza na hilo kesho asubuhi.