Asabiya na Mshikamano: Tumsome Ibn Khaldun Pamoja na Durkheim



Mimi nasoma sosholojia, na wenzangu msikitini huniuliza: elimu hii ya Wazungu ina faida gani kwa Mwislamu? Nitajibu kwa dhana moja tu: ni kitu gani kinachowafanya watu wengi wawe kitu kimoja?

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406. Muqaddima aliiandika mwaka 1377, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Humo anaeleza asabiya, yaani nguvu ya kushikamana inayomfanya mtu amtetee mwenzake kama anavyojitetea mwenyewe. Chanzo chake cha kwanza ni nasaba, lakini kuishi pamoja na kuahidiana msaada huizaa pia. Watu wa jangwani huwa nayo kwa wingi, kwa sababu hawana ukuta wala askari wa kuwalinda. Kila mmoja ni ngome ya mwenzake. Kwa nguvu hiyo husimamisha dola. Kisha raha huingia, wajukuu hawajui jasho la babu zao, na mtawala huwaweka kando jamaa zake na kutegemea watu wa kuajiriwa. Ndiyo maana alikadiria kwamba dola kwa kawaida haivuki vizazi vitatu, kila kizazi miaka 40.

Émile Durkheim, Mfaransa, alitoa kitabu chake kuhusu mgawanyo wa kazi mwaka 1893. Yeye anataja mishikamano miwili. Wa kwanza hutokana na kufanana: wanakijiji wote hulima na huamini mamoja. Wa pili hutokana na kutofautiana: mwashi anamhitaji daktari, daktari anamhitaji dereva. Kanuni za zamani zikilegea kabla mpya hazijashika, hutokea anomia: mtu yumo katikati ya watu, lakini hajui mipaka yake.

Hapa ndipo wanapoachana. Kwa Ibn Khaldun, maisha ya mjini huidhoofisha asabiya. Kwa Durkheim, mji hubadilisha aina ya kamba inayowafunga watu.

Tusichanganye maana. Muhajiri na Answari walipogombana, kila mmoja akaita watu wake, Mtume (s.a.w.) aliukemea wito ule. Kilichokatazwa ni kumpendelea wa kwenu hata kwa dhuluma. Ibn Khaldun alilijua katazo hilo. Yeye anachunguza nguvu yenyewe, ambayo yaweza kutumika kwa haki au kwa batili.

Sasa tutazame mabweni yetu. Wa Goma hukaa na wa Goma, wa Bujumbura na wa Bujumbura, na siku ya uchaguzi wa jumuiya kura hufuata njia hiyo hiyo. Anayeumia ni yule aliyekuja peke yake kutoka kwao: Ramadhani inafika, hana wa kufuturu naye. Naona dawa ya Durkheim inatufaa: tugawane kazi, kupika, kufundisha, kuzuru wagonjwa, bila kuuliza mtu katoka wapi, mpaka kila mmoja amhitaji asiye wa kwao.

Maswali ya darasa letu:

1. Jumuiya yetu imefungwa na kufanana au na kuhitajiana?
2. Tukimaliza chuo, kizazi cha tatu baada yetu kitaikuta?

Wabillahi tawfiq.