Kuku wananyonyoana manyoya? Weka wembe chini kwanza

Ndani ya wiki mbili hizi nimepigiwa simu na wafugaji wanne, na swali ni lilelile: "Afisa, kuku wangu wanadonoana, wengine wamebaki uchi mgongoni, wawili wamekufa. Nikate midomo?" Niliahidi somo la chanjo, lakini hilo litasubiri kidogo. Hili la kudonoana linaua kuku sasa hivi.

Kabla ya yote, hakikisha kweli ni kudonoana, maana siyo kila kuku aliyenyonyoka amedonolewa. Kuku aliyefikisha mwaka mmoja na kuendelea hubadili manyoya. Huanzia kichwani na shingoni, yanashuka kifuani na mgongoni, mkia unakuja mwisho, na ukimpapasa unasikia manyoya mapya yanachomoza kama miiba. Mayai hupungua au hukata kabisa kwa wakati huo. Huyo hana ugonjwa, mlishe tu vizuri. Tetea aliyechakaa mgongoni na kwenye mabega, wakati wenzake wako sawa, mara nyingi ni kipenzi cha jogoo. Punguza majogoo, jogoo mmoja kwa matetea 10 anatosha. Aliyenyonyoka mbele ya shingo tu, angalia chombo chako cha chakula, labda waya au ukingo unamkwangua. Na kama ni kishingo, basi ndivyo alivyozaliwa! (Msicheke, nimeshaitwa kwa ajili hiyo.)

Kuku anayedonolewa ana alama zake. Manyoya yameondoka juu ya mkia, mgongo wa chini na kuzunguka kinyeo, yaani sehemu ambazo yeye mwenyewe hazioni. Mengine yamekatika na kuacha vishina. Halafu tazama sakafuni. Banda la kuku 200 lazima liwe na manyoya chini. Ukikuta sakafu haina hata unyoya mmoja, jua wanayala.

Mshike pia kuku mmojammoja, funua manyoya chini ya kinyeo. Mayai ya chawa hukaa kwenye mashina ya manyoya yameganda kama chembe za sukari. Usiku ingia na tochi umulike nyufa za vichanja, kwa sababu utitiri mwekundu mchana hujificha na usiku hutoka kunyonya damu. Kuku anayewashwa hajatulia, na kuku asiyetulia huanza kujidonoa na kudonoa wenzake. Ukiwakuta wadudu hao, tibu kuku na banda kwa pamoja. Ukitibu kuku peke yake, kesho kutwa watarudi.

Sasa twende kwenye kiini. Kwa nini kuku adonoe mwenzake?

Wengi wanasema ni ukorofi, na wanamtafuta "mchokozi" wamchinje. Angalia vizuri. Kuku wanaogombana hutazamana uso kwa uso na hupigana kichwani. Anayenyonyoa manyoya huja kwa nyuma, taratibu, bila hasira yoyote, kama vile anaokota punje. Na kwa kweli ndicho anachofanya: anatafuta chakula, ila anatafutia mahali pasipo pake.

Mwaka 1989 mtafiti wa Uingereza, Marian Dawkins, alichapisha kazi yake ya kuwatazama kuku wa asili ya mwituni, wale ambao kuku wetu wametokana nao. Walikuwa kwenye bustani ya wanyama na chakula walipewa. Hata hivyo, katika zaidi ya nusu ya dakika alizowatazama walikuwa wakidonoa ardhi. Maana yake mdomo wa kuku haukuumbwa kwa kula tu. Umeumbwa kuchambua, kupekua na kuchagua kutwa nzima, huku miguu ikichakura. Kuku wetu wa kienyeji anayezurura anaifanya kazi hiyo jalalani na shambani, ndiyo maana ni nadra kuona wa kienyeji wa nje wakilana manyoya. Mfungie kwenye sakafu ya saruji, maranda yameloa na kushikana kama ugali, chakula anamaliza haraka. Mdomo bado unataka kazi. Kilicho karibu ni mkia wa mwenzake.

Wanaofuga kasuku wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Kasuku aliyefungiwa peke yake kwenye kizimba bila shughuli huweza kujinyonyoa mwenyewe mpaka kifua kikabaki ngozi tupu. Kuku yeye humnyonyoa mwenzake. Na tofauti kubwa ni kwamba kwa kuku inaishia kwenye damu, na damu huwaita wote.

Niwape mfano wa mama mmoja wa kata yangu, ameniruhusu nieleze bila kumtaja jina. Alikuwa na mitetea 240 ya wiki 19, wameanza tu kudondosha mayai. Pesa ilikuwa ya mkopo wa kikundi, marejesho kila mwezi. Ndani ya siku tisa alishazika kuku 11, na wengi walikuwa wametobolewa kinyeo mpaka utumbo uko nje. Nilipofika, kijana wake alikuwa ameshanunua wembe na koleo, anasubiri amri yangu tu.

Nikamwambia mama, tupime kwanza. Banda lilikuwa mita 6 kwa mita 5, yaani mita za mraba 30. Kuku nane kila mita, wakati kuku wa mayai kwenye maranda tunataka watano, wasizidi sita. Ndani kulikuwa na balbu kubwa inayowaka usiku kucha kwa kuogopa wezi. Viota havikuwepo, fundi alikuwa "anakuja wiki ijayo". Kwa hiyo mtetea alikuwa anataga pale katikati, mbele ya mwanga, na kila anayetaga mfuko wa mayai hutokeza kidogo, mwekundu, unang'aa. Wenzake wanaona kitu chekundu, wanadonoa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinatokea.

Kisha nikamuuliza chakula. Mwanzo mchanganyiko wake wa kilo 100 ulikuwa mahindi ya paraza kilo 45, pumba za mahindi 17, mashudu ya alizeti 20, dagaa 8, na kilo 10 zilizobaki ni chokaa, mifupa, premiksi na chumvi. Si mbaya hata kidogo, inakaribia protini asilimia 16. Lakini dagaa walipopanda bei akawashusha hadi kilo 2, mashudu kilo 10, pengo akalijaza kwa pumba. Hapo protini ilikuwa imeshuka kwenye asilimia 12 hivi, kwa mtetea ambaye bado anakua na ameanza kutaga! Unyoya karibu wote ni protini, na protini hiyo inahitaji methionini, ambayo dagaa wanayo kwa wingi na mashudu ya alizeti wanasaidia. Mahindi na pumba haziwezi kufidia. Kuku aliyepungukiwa anaitafuta protini popote, na mwenzake amevaa protini mwili mzima.

Siku ileile tulifanya haya. Kuku 14 wenye majeraha tuliwatoa na kuwaweka kando, vidonda tukavipaka GV, ile dawa ya zambarau. Inasaidia kidonda na inaficha wekundu. Hakuna kumrudisha majeruhi kundini kabla hajapona, watammaliza. Balbu tukaitoa nje, iwaangazie wezi huko, na ndani tukaweka ndogo yenye mwanga hafifu wa kutosha kuona chombo cha chakula, izimwe usiku. Kwa kuku wa mayai mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, jua likiwemo, unatosha. Makreti ya zamani yakageuzwa viota kwenye kona yenye giza, yakawekewa majani makavu, kiota kimoja kwa kuku watano. Maranda yaliyoshikana yakatolewa, makavu yakaingia, na juu yake tukatupia mahindi ya chenga kidogo ili wachakure. Kabichi na mafungu ya mchicha tukayaning'iniza kwa kamba, usawa wa kichwa cha kuku, wadonoe vinavyocheza. Kijana alipoona kuku wamekimbilia kabichi akacheka, koleo akaliweka mfukoni.

Chakula kilirudishwa kama mwanzo. Chumvi nayo tuliipima, gramu 300 kwa kilo 100. Hapa nisisitize, maana kuna watu wanashauri kumwaga chumvi kwenye maji kuku wakidonoana. Upungufu wa chumvi kweli huchochea kudonoana, lakini chumvi iliyozidi kwenye maji inaua kuku, tena vifaranga upesi zaidi. Ipime kwenye chakula, basi.

Walikufa watatu zaidi wiki ile, kisha vifo vikakoma. Suala la nafasi lilikuwa gumu zaidi. Ilibidi auze kuku 50 kwa bei ya hasara ili lipatikane nafasi na pesa ya dagaa, na rejesho la mwezi ule alilipa nusu. Manyoya yaliyong'olewa mzima yalianza kuota baada ya wiki kadhaa, ila yale yaliyokatika husubiri mpaka kuku abadili manyoya. Kwa hiyo usikate tamaa ukiona kundi bado ni baya machoni. Hesabu vidonda vipya, usihesabu mabaka ya zamani.

Na huo wembe? Ncha ya mdomo wa kuku ina mishipa ya fahamu, siyo kama ukucha. Kumkata kuku mkubwa kwa wembe au koleo kunamwaga damu ndani ya banda ambalo tayari lina njaa ya damu, kunamuumiza, na atakula kidogo kwa siku nyingi, mayai yatashuka. Kama kukata kunafanyika, kunafanyika kwa kifaranga asiyezidi siku 10, na mtu mwenye kifaa na ujuzi. Norwei walikataza kukata midomo tangu 1974 na Uswidi 1988, na bado wanafuga kuku wa mayai. Mimi binafsi sishauri kwa banda la kuku 100 au 300. Chanzo kikibaki, kuku mwenye mdomo butu ataendelea kunyonyoa tu, ila atafanya taratibu.

Ukitaka kunipigia kuhusu hili, kabla ya kupiga andika kwenye karatasi: umri wa kuku, idadi, urefu na upana wa banda, mchanganyiko wa chakula kwa kilo (wa sasa, siyo wa zamani), taa inawaka saa ngapi hadi saa ngapi, na kuku wamenyonyoka sehemu gani ya mwili. Piga na picha moja ya mgongo na moja ya kinyeo, mchana, pasipo na kivuli.