ELIMU YA AFYA: KUZIBA MIFEREJI YA MAGEGO YA WATOTO

Wazazi wengi husema, "Jino la mtoto likioza si neno, litang'oka na jingine litaota." Maneno haya yamepoteza magego mengi. Mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi, huota magego 4 nyuma ya meno yote ya utoto, mawili juu na mawili chini. Hayangojei jino lingine ling'oke, na kwa hiyo mzazi hudhani kuwa nayo ni ya utoto. Sivyo, hayo ni ya maisha, na yakipotea hayaoti mengine.

Wako wasemao kwamba jino huliwa na mdudu, kama fukusi alavyo mahindi. Ukweli ni huu: juu ya gego pana mifereji myembamba, hata unywele wa mswaki hauingii. Humo hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula sukari na kutoa asidi, nayo hulilainisha jino kidogo kidogo hata likatoboka.

Basi, kinga ni kuiziba mifereji hiyo mapema. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba jino likipakwa asidi, uso wake hukwaruza, na utomvu hushika imara. Mganga husafisha gego, hulipaka asidi kwa muda mfupi, huliosha na kulikausha. Kisha hutia utomvu na kuumulika kwa taa ya buluu hata ugande. Hapana kuchonga wala sindano. Lakini gego likilowa mate, utomvu haushiki.

Pasipo umeme, iko saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma, ambayo mganga huikandamiza kwa kidole. Njia ya kutibu meno kwa saruji hiyo na vyombo vya mkono tu ilianzishwa Tanzania katika miaka ya 1980.

Kuziba hakuondoi haja ya kupiga mswaki mara mbili kila siku kwa dawa yenye floraidi, wala ya kupunguza sukari. Tena kizibo chaweza kubanduka, hivyo yafaa kitazamwe mara kwa mara.

Walimu na wazee wa vijiji, waambieni wazazi wayatazame magego hayo mtoto atimizapo miaka 6, na yale yafuatayo afikapo miaka 12, wampeleke kwa mganga wa meno kabla hajalia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa gego haujengeki tena.