Kutia Alama Vifaa vya Gesi Vilivyo Hatari

Gesi ya kupikia huweza kuleta madhara kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuvuja na kulipuka. Kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu, hutiwa kemikali yenye harufu kali ili mwenye nyumba atambue uvujaji mapema. Njia ya pili haina onyo la namna hiyo. Methani inapoungua penye oksijeni ya kutosha, mwako huwa hivi:

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Oksijeni ikipungua, sehemu ya gesi huungua hivi:

2CH₄ + 3O₂ → 2CO + 4H₂O

Monoksidi ya kaboni (CO) haionekani wala hainuki. Hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 au zaidi, hata damu ikashindwa kuchukua oksijeni ya kutosha. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na akiwa amelala huenda asiamke.

Mfano mzuri wa kupambana na hatari hizi hupatikana Uingereza. Tarehe 16 Mei 1968, nati dhaifu iliyounganisha jiko la gesi katika ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, London, iliachia. Gesi ililipuka, pembe moja ya jengo ikaporomoka, na watu 4 wakafariki. Mwaka 1970 kikaanzishwa chombo cha kuwaandikisha mafundi wa gesi, CORGI. Tangu Aprili 2009 kazi hiyo hufanywa na Gas Safe Register.

Fundi aliyeandikishwa akikuta kifaa kibovu hukiweka katika daraja moja kati ya mawili. La kwanza ni la hatari ya papo hapo: kifaa kikiachwa kifanye kazi, au hata kikiachwa tu kimeunganishwa na gesi, kinaweza kuua. La pili ni la kifaa chenye kasoro moja au zaidi ambazo huenda zikaleta hatari baadaye. Zamani lilikuwapo daraja la tatu, la vifaa visivyofuata kanuni mpya. Limeondolewa, na kwa haki, maana kuwa cha kizamani si sawa na kuwa cha hatari.

Tofauti ya madaraja haya haimo katika aina ya kifaa. Chukua boila ya kuchemshia maji inayotoa moshi wake kwa dohani. Tundu la kuingizia hewa chumbani likiwa dogo mno, lakini moshi wote ukapanda dohani, boila huwekwa katika daraja la pili. Moshi ukirudi chumbani, boila ile ile ni hatari ya papo hapo. Ndiyo sababu fundi hachunguzi mabomba peke yake. Hutazama pia mwali wa manjano mahali pa buluu, na masizi ukutani.

Kisha hufunga lebo ya kukataza matumizi na kumpa mwenye nyumba taarifa ya maandishi. Hapo huzuka jambo gumu: fundi hana mamlaka ya kukata gesi bila ruhusa. Mwenye nyumba akikataa, na hatari ikiwa ya papo hapo, fundi huwaarifu watu wa dharura wa gesi ya mabomba, ambao sheria huwaruhusu kuikata. Naye anayetumia kifaa akijua ni cha hatari huvunja sheria.

Wanafunzi wa Tanzania na Kenya, ambao wengi wao huijua gesi ya mtungi, wazingatie tofauti moja. Uzito wa molekuli ya methani ni 16, na wa hewa ni 29 hivi. Kwa hiyo methani hupanda. Propani (44) na butani (58) za mtungini hutuama sakafuni. Tundu la karibu na dari haliziondoi.

Zoezi: Jiko la mtungi lina mwali wa buluu, lakini bomba lake la mpira limeanza kupasuka juujuu, wala povu la sabuni halionyeshi uvujaji. Liwekwe daraja gani? Na povu likianza kutoa mapovu?