ELIMU KWA WANANCHI: Gari la Umeme Hutumia Uniti Ngapi? Namna ya Kupima Matumizi Halisi kabla ya Kununua

Magari ya umeme yaliyokwisha kutumika Japani yameanza kuonekana katika barabara za Afrika Mashariki. Mnunuzi anapofika mbele ya muuzaji, swali lake la kwanza huwa moja: "Likijaa chaji linakwenda kilometa ngapi?" Muuzaji hutaja idadi, na biashara huendelea kana kwamba idadi hiyo ni sifa ya kudumu ya gari, kama rangi yake au idadi ya milango. Sivyo ilivyo. Mkazi wa Mombo na mkazi wa Lushoto mjini wakinunua magari mawili ya aina moja, siku moja, hawatapata kilometa sawa kutoka katika chaji moja.

Tofauti hiyo si jambo dogo. Kwa familia iliyotoa akiba ya miaka mingi, au kwa kikundi cha vijana kinachoandaa andiko la mradi wa usafirishaji ili kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ndiyo inayoamua iwapo gari litaleta marejesho au litaegeshwa. Mkopo huo hauna riba, lakini ni deni. Makala haya yanaeleza namna matumizi ya umeme yanavyopimwa, mambo yanayoyapandisha, na hesabu inayopaswa kufanywa kabla ya kutoa fedha.

Kipimo cha matumizi

Uniti moja inayonunuliwa kwa LUKU ni sawa na kilowati-saa moja, yaani umeme unaotumiwa na pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kuzimika. Betri ya gari hupimwa kwa kipimo hicho hicho: betri ya kilowati-saa 40 ikiwa mpya ina nafasi ya uniti 40 hivi. Matumizi ya gari hutajwa kwa idadi ya uniti katika kila kilometa 100. Gari dogo la umeme kwa kawaida hutumia kati ya uniti 15 na 20 kwa umbali huo.

Ili kuelewa udogo wa kiasi hicho, ifahamike kwamba lita moja ya petroli ina nishati ya uniti 9 hivi. Gari la petroli linalotumia lita 8 kwa kilometa 100 hutumia nishati ya takriban uniti 72. Sehemu kubwa ya nishati hiyo haifiki kwenye matairi. Hupotea kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana, na hapo ndipo unafuu wake unapotoka.

Kwa nini tangazo na barabara hutofautiana

Umbali unaotangazwa hupatikana kwa majaribio maalumu, na kila nchi ina utaratibu wake. Nissan Leaf ya mwaka 2018 yenye betri ya kilowati-saa 40 ni mfano mzuri. Kwa jaribio la Japani lililoitwa JC08, gari hilo lilitajwa kwenda kilometa 400. Kwa jaribio la Ulaya, WLTP, lilitajwa kwenda kilometa 270. Mamlaka ya Marekani ililipa maili 151, yaani kilometa 243. Gari ni lile lile na betri ni ile ile; kilichobadilika ni kasi, vituo vya kusimama na matumizi ya kiyoyozi katika jaribio. Kwa kuwa magari mengi yaliyotumika hutoka Japani, mnunuzi huelekea kusomewa ile idadi kubwa kuliko zote. Ni busara kuiuliza idadi hiyo imetokana na jaribio lipi.

Mambo yanayoongeza matumizi

*Kasi.* Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Dereva anayetoka kilometa 80 kwa saa na kufikia 100 huongeza ukinzani huo kwa zaidi ya nusu, ingawa atafika mapema kwa dakika chache tu. Katika barabara kuu ya lami, kupunguza kasi ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kurefusha safari ya gari la umeme.

*Mlima.* Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilometa 33 hivi na hupanda takriban mita 1,000. Kuinua gari lenye uzito wa tani 1.6 pamoja na abiria wake kwa kimo hicho huhitaji uniti 4.4, hata kama barabara ingekuwa laini kama kioo. Kwa kuwa mota nayo hupoteza kidogo, betri hutoa karibu uniti 5. Tuseme gari hilo, kwa mwendo wa taratibu katika barabara tambarare, lingetumia uniti 4 kwa umbali huo. Kupanda kutahitaji basi uniti 9, yaani zaidi ya mara mbili.

Hata hivyo, mlima wa gari la umeme una malipo. Katika kushuka, dereva akiachia pedali, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ikiwa uniti 3 kati ya zile 5 zitarudi, safari ya kushuka itagharimu uniti 1 badala ya 4. Kwenda na kurudi kutakuwa uniti 10 kwa kilometa 66, sawa na uniti 15 kwa kilometa 100. Gari la petroli halina fadhila hiyo: linaposhuka, mafuta yaliyotumika kupanda hayarudi kwenye tangi.

Hapa pana tahadhari kubwa kwa wakazi wa milimani. Betri iliyojaa kabisa haina nafasi ya kupokea umeme. Dereva anayechaji usiku kucha hadi asilimia 100 kisha akaanza safari kwa kushuka milima ya Usambara atakuta mota haishiki gari kama alivyozoea, na kazi yote itabebwa na breki za kawaida, ambazo zikipata joto kali hupungua nguvu. Anayeishi juu na asimamishe chaji kwenye asilimia 80 au 85, ili aache nafasi ya kupokea umeme na pia alinde breki zake.

*Kiyoyozi na kipasha joto.* Kiyoyozi kinachotumia uniti 1.5 kwa saa hakina uzito mkubwa kwenye mwendo wa kilometa 75 kwa saa, kwa kuwa kilometa 100 huisha kwa saa moja na dakika 20 na kitakuwa kimetumia uniti 2. Katika foleni ya kilometa 20 kwa saa, umbali huo huo huchukua saa 5, na kiyoyozi hicho hicho kitatumia uniti 7.5. Asubuhi za baridi za Juni na Julai nazo zina gharama yake. Gari la petroli hupasha abiria kwa joto la injini ambalo lingepotea bure, lakini gari la umeme hulazimika kuchota joto hilo kwenye betri.

*Matairi, mzigo na njia.* Tairi lenye upepo pungufu, mzigo juu ya paa na barabara ya udongo iliyolowa huongeza ukinzani. Kupima upepo wa matairi hakugharimu kitu kikubwa, na faida yake huonekana mara moja.

Namna ya kupima mwenyewe

Dashibodi ya gari huonyesha umeme uliotoka kwenye betri. Haionyeshi umeme uliolipiwa, kwa sababu sehemu hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Kipimo cha kweli kwa mfuko wa mwenye gari ni mita ya LUKU, nacho hupatikana hivi:

1. Jaza chaji hadi kiwango fulani, kwa mfano asilimia 80, kisha andika kilometa zilizo kwenye dashibodi.
2. Endesha gari katika shughuli za kawaida, si safari teule, hadi kilometa 100 au zaidi.
3. Kabla ya kuchaji tena, zima vifaa vingine nyumbani na uandike uniti zilizobaki kwenye mita.
4. Chaji hadi kufikia kiwango kile kile cha mwanzo, kisha soma mita tena.
5. Gawanya uniti zilizotumika kwa kilometa ulizokwenda, kisha zidisha kwa 100.

Mfano: mita ilisoma uniti 48.0, na baada ya kuchaji ikasoma 25.2. Zimetumika uniti 22.8. Ikiwa gari lilikwenda kilometa 120, matumizi ni uniti 19 kwa kilometa 100. Dashibodi ikidai 16.5, hakuna aliyedanganya. Tofauti ya uniti 2.5 ni kile kilichopotea njiani kati ya soketi na betri.

Betri iliyochoka

Betri hupungua uwezo kwa umri, kwa matumizi na kwa joto. Katika Nissan Leaf, uwezo uliobaki huonyeshwa kwa vijistari 12 vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji. Kupotea kwa kile cha kwanza huashiria kuwa takriban asilimia 15 ya uwezo imekwenda, na kila kinachofuata huondoa asilimia 6 hivi. Gari la betri ya kilowati-saa 24 lililobaki na vijistari 9 lina uwezo wa takriban asilimia 70, yaani uniti 17 tu. Kwa matumizi ya uniti 17 kwa kilometa 100, litakwenda kilometa 100 na kuzimika. Mwenye busara huacha akiba ya moja ya tano, hivyo ahesabu kilometa 80. Safari ya Lushoto hadi Tanga mjini imezidi hapo, na mgonjwa anayepelekwa rufaa hawezi kusubiri gari lichajiwe njiani kwa saa nyingi.

Hesabu ya fedha

Tuseme uniti moja ni shilingi 360 na lita ya petroli ni shilingi 3,000. Kila msomaji aweke bei iliyo kwenye risiti yake. Gari linalotumia uniti 20 kwa kilometa 100 litagharimu shilingi 7,200. La petroli, kwa lita 8, litagharimu shilingi 24,000. Unafuu ni mkubwa, lakini kuna jambo husahaulika. Mteja wa kundi la D1 hupewa bei nafuu kwa sharti la kutozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Gari hilo humaliza uniti 75 ndani ya kilometa 375, hata kabla ya taa na jokofu. Anayechaji nyumbani na ajihesabu katika bei ya T1 tangu mwanzo.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi, au kikundi kinachoandika andiko, kijibu maswali manne. Safari ndefu kuliko zote ya wiki ni kilometa ngapi, na ina mpando kiasi gani? Betri ina uniti ngapi leo, si siku ilipotoka kiwandani? Matumizi yaliyopimwa kwa mita ni yapi? Baada ya kuacha akiba ya moja ya tano, je, gari linafika na kurudi?

Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, gari la umeme litamtunza mwenyewe. Likiwa hapana, bei nafuu haitalifikisha. Vikundi vinavyohitaji msaada wa kuandaa hesabu za mradi vionane na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, vikiwa na vipimo hivyo mkononi.